Barabara Niliyoiombea Isifike

Niliomba dua ili barabara isifike. Haya, nimesema. Kwa miaka mingi nimelikana jambo hili, kwanza mbele ya Mama, halafu mbele ya mjomba wangu, na baadaye mbele ya watu wenye beji kifuani katika mikutano ya maendeleo, ambako hakukosi mtu wa kuniuliza ni kitu gani kilinivuta kwenye habari za barabara za mashambani. Huwa ninajibu kwa sauti ya kisomi kwamba natoka katika familia iliyoguswa na suala hilo. Si uongo, iliguswa. Ila katika familia hiyo, aliyekuwa upande wa matope nilikuwa mimi peke yangu.

Wala sikuomba kwa mzaha. Mwalimu wetu wa chuo, namaanisha chuo cha Kurani, maana kile kikuu kilikuja baadaye na hakikuniongezea adabu, alituambia siku moja kwamba dua ya mtoto hupokelewa upesi. Wenzangu walipotoka mbio nilibaki kwenye jamvi, nikainua mikono, nikaomba katapila lililokuwa likifyeka njia kuelekea kijijini kwa Bibi liharibike. Nikafikiri kidogo, nikaongeza kwamba kama kuharibika ni taabu, basi lizame. Niliona ni heshima kutoa nafasi ya kuchagua.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nasi tukikaa Kariakoo katika nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani ambako wapangaji wote walikutana kwenye moshi. Mama alipika vitumbua barazani. Baba alikuwa kuli bandarini. Alitoka kabla sijaamka na kurudi amechoka, kwa hiyo mambo yote ya nyumbani aliyapata yakiwa yamepoa, pamoja na vitumbua.

Bibi, mama yake Mama, aliishi Uzaramo, ng'ambo ya vilima vya Pugu, na alikuja mjini kwa miguu. Wanawake wa kijijini kwao walitembea kwa msururu, mihogo na mabungo kichwani, kuku mkononi, wakilala njiani katika kijiji kimoja ambacho kazi yake kubwa ilikuwa kulaza wapita njia. Wakishauza sokoni, kila mmoja alielekea kwa jamaa zake. Bibi alikuja kwetu, na kazi ya kumletea maji ya miguu ilikuwa yangu.

Nilikuwa na wivu mkubwa na kazi hiyo. Bibi alikaa kwenye kigoda, akatumbukiza miguu kwenye beseni, nami nikachuchumaa kuitazama. Juu ya kifundo kulikuwa na udongo mwekundu wa Pugu. Chini yake tope jeusi la bondeni, limekauka na kupasukapasuka. Kati ya vidole, mchanga mweupe wa mjini. Niliisoma safari yake miguuni kabla hajaisimulia. Chuo kikuu walinifundisha kuchora tabaka za udongo, nikapata alama nzuri sana, na hakuna aliyejua kwamba nilijifunzia kwenye beseni.

Kwa kuwa miguu ilihitaji kupumzika, Bibi hakuondoka haraka. Alikaa hata wiki, akilala kwenye mkeka wangu, na hapo ndipo alipokuwa wangu. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu wao wa kike, akanihadithia njia nzima. Bibi alikuwa na namna moja tu ya kusimulia safari: alianzia kizingitini mwa nyumba yake na kuja mguu kwa mguu. Ukimkatiza kuuliza kilichotokea mwisho, alirudi kizingitini akaanza upya.

Tena kulikuwa na desturi iliyomsaidia katika kutuchelewesha. Kwetu mgeni akifika haulizwi kilichomleta. Hupewa maji ya miguu, hupewa maji ya kunywa, huamkiwa, kisha huulizwa habari za atokako, naye hujibu, "Njema." Awe ameacha nyumba inaungua, atasema njema, ndipo aeleze habari za moto. Nilipokua nikaenda kusoma na watu wa mataifa mengine, nilishangaa kukuta watu wanaotupa habari mbaya mlangoni kama mtu anayemwaga maji machafu.

Mtu aliyeihitaji barabara kuliko wote alikuwa Mama Mdogo, mdogo wake Mama, aliyeolewa palepale kijijini. Alikuwa amepata mimba mara mbili, na mara zote mbili uchungu ulimkwamia, ikabidi apelekwe hospitali ya misheni, ambayo ipo njiani, ng'ambo ya bonde. Alipelekwa kwa kitanda. Kilipinduliwa kitanda cha kamba, kikafungwa kwenye miti miwili mirefu, na wanaume wakakiweka mabegani kwa kupokezana. Kijijini waliita kazi hiyo kutoa bega. Ukisikia kitanda kinatoka, unaacha jembe unatoa bega, maana nyumba isiyotoa bega hakuna atakayeibebea mgonjwa wake.

Mara zote mbili Mama Mdogo alifika akiwa hai, na mtoto hakufika.

Bibi alinisimulia safari hizo mara moja tu, na ndiyo safari pekee ambayo hakuianzia kizingitini. Alisema njia ya kwetu ni ya mtu mmoja mmoja. Wabebaji wenyewe walipita kwa kubanana, nyasi zikiwachapa, na mama mzazi hana pa kupita isipokuwa nyuma. "Nilikuwa nyuma, mke mwenzangu. Naona visigino vya watu. Namsikia analia huko mbele, namwita, hata sijui kama ananisikia."

Sasa mtu aliyesikia hayo, halafu akaenda kuomba katapila lizame, anastahili beji gani?

Lakini barabara ilipoanza kujengwa sikuiona kama njia ya Mama Mdogo kwenda hospitali. Niliiona kama njia ya Bibi kurudi kwake siku hiyohiyo. Na katika hilo, niruhusiwe kujisifu kidogo, sikukosea.

Barabara ilifika. Dua yangu ya kwanza ilikataliwa, au tuseme iliwekwa pembeni. Na mtu wa kwanza kuitumia alikuwa Bwana Duka, Mhindu aliyeuza vitambaa na mafuta ya taa mtaani kwetu, ambaye nyumba yake ilinukia ubani wa ibada asubuhi na bizari mchana. Alinunua lori la kwenda kuchukua korosho na mihogo huko mashamba, akalipaka rangi ya kijani, na mlangoni akaandikisha namba ya simu ya duka lake kwa tarakimu nyeupe kubwa kama sahani. Mjomba wangu, kaka yao Mama, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bwana Duka, nani atakupigia simu kutoka porini? Nyani?"

"Nyani akiwa na korosho, namjibu," alisema Bwana Duka. "Wewe osha lori."

Mjomba alikuwa ameshuka na safari ya kwanza kabisa ya lori hilo, na hakurudi. Kijijini alikuwa ndiye kiongozi wa kitanda, mwenye bega la mbele kulia. Mjini alipata uhamali sokoni, na kuosha lori jioni. Baada yake akaja jirani yake, na shemeji wa jirani, na kila lori liliporudi lilikuwa na mihogo chini na vijana juu. Baada ya muda ungeweza kusimama kwenye kona ya soko la Kariakoo ukawaona wote waliokuwa wakibeba kitanda cha kijiji, sasa wanabeba magunia ya watu wasiowajua.

Na Bibi? Bibi alianza kuja na lori. Alifika asubuhi, akauza, akapita kwetu, akanywa chai. Siku ya kwanza nilikimbia na beseni langu. Akaitazama miguu yake, akanitazama mimi.

"Ya nini?" akasema. "Sijakanyaga kitu."

Adhuhuri lori likapiga honi, akaenda zake. Habari za njiani nilipoziuliza, alisema hakuona njia, aliona mgongo wa mtu.

Basi nikawa mpelelezi. Kwa kuwa sikupata tena hadithi, niliuliza maswali, na maswali yale ndiyo yaliyonifuata mpaka uzeeni, au tuseme mpaka karibu yake. Kijijini pana nini sasa? Pana sabuni ya mche, alisema Bibi, na sukari hata siku ambayo si ya sikukuu. Nyanya zinafika mjini hazijapondeka. Mwalimu amekubali kuja kufundisha kwa sababu anaweza kuondoka. Nyumba tatu zimehama kisimani na kujengwa kando ya barabara, na sasa wenyewe wanatembea mbali kufuata maji ili wakae karibu na vumbi. Na kile kijiji cha kulaza wageni? Bibi alifikiri. "Lori halisimami pale," alisema. "Tunawapungia mkono."

Jioni nyingine, Bibi akichelewa lori, yeye na Mjomba walibishana barazani mbele ya karai la Mama, na mimi nikageuza shingo huku na huku.

"Mama, barabara imekifungua macho kijiji," alisema Mjomba.

"Imekifungua macho, kikaona pa kutokea," alisema Bibi. "Nitajie mwanamume mmoja aliyebaki mwenye nguvu ya kushika jembe."

"Wa nini? Korosho haitaki jembe. Na mgonjwa sasa anapanda lori, hatumkunjikunji tena kitandani. Dada, mwambie Mama."

"Mimi nauza vitumbua," alisema Mama. "Mwenye kununua anunue, mwenye kubishana asinizibie upepo."

Lakini katika jambo la lori hata Bibi alikubaliana naye, kwa sababu Mama Mdogo alikuwa mjamzito tena. Safari hii hakuna aliyekuwa na shaka. Siku zake zikikaribia angepanda lori la Bwana Duka, mbele kwa dereva, akashukie mlangoni kwa misheni. Mama alishona nguo za mtoto, jambo ambalo mara ya pili hakulifanya kwa hofu. Hata mimi nilijaribu kuifuta dua yangu. Tatizo sikujua utaratibu. Nilimwuliza mwalimu wa chuo kama dua iliyokwisha kuombwa inaweza kurudishwa.

"Nani kaomba nini?" aliuliza.

"Ni mtu mmoja tu anauliza."

"Mwambie huyo mtu mmoja akariri sura yake ya leo."

Masika ya mwaka ule yalianza kama kawaida, kisha yakasahau kuacha. Jangwani, jirani na kwetu, kukajaa maji, watu wakavuka wamebeba viatu vyao. Lori likaenda mara moja, likarudi limetapakaa matope mpaka kwenye zile tarakimu nyeupe, na Bwana Duka akalifunga uani kwake akisema halitoki mpaka jua liwake. Barabara haikuwa na lami, ilikuwa udongo ulioshindiliwa, na kule bondeni daraja lilisimama vizuri lakini maji yalikuwa yanakula kingo zake. Hakuna aliyeshtuka sana. Siku za Mama Mdogo zilikuwa bado, na mvua huisha.

Alasiri moja nilikuwa barazani, mvua imepumzika kidogo, nikamwona mwanamke anakuja kutoka upande wa Ilala amejifunika kanga kichwani, anatembea taratibu katikati ya madimbwi. Nilimjua kwa mwendo kabla ya uso. Bibi! Kwa miguu!

Nilipiga kelele ya furaha ambayo bado naisikia na sipendi kuisikia. Nilikimbilia beseni. Niliwaza mkeka. Miguu kama ile haiwezi kurudi kesho wala keshokutwa. Nilipochuchumaa mbele yake nikaona matope hayana tabaka. Hapakuwa na jekundu wala jeusi wala jeupe, yote yalikuwa rangi moja mpaka magotini. Nikainua macho. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda bila kuegemea ukuta.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu."

Mama akatoka uani, mikono ina unga, akasimama mlangoni. "Shikamoo, Mama. Habari za huko?"

"Njema," alisema Bibi.

Mama akamletea maji. Bibi akanywa, akarudisha kata, akajifuta mdomo, ndipo akaanza, kizingitini kama kawaida. Alisema alifunga mlango wake alfajiri ya jana. Alisema alipita kwa mkunga kumwambia aendelee kukaa na Mama Mdogo. Alisema aliiacha barabara kwa sababu kingo za daraja zilimtisha, akashika njia ya zamani, na njia ya zamani ilikuwa imefungwa na majani kama haijawahi kukanyagwa na mtu. Kwenye kijiji cha kulala alikuta mtungi wa maji umepasuka na mbuzi ndani ya nyumba. Mama hakumkatiza, alijua adhabu yake. Na mwisho, kwa utaratibu wake, Bibi akafika kwenye jambo lenyewe.

Mama Mdogo alikuwa amevimba uso na miguu. Kichwa kilimuuma usiku na mchana, naye akiona vimulimuli mchana kweupe. Mkunga alisema hii si kazi ya mikono yake, apelekwe misheni sasa, asingoje uchungu. Bibi akaenda nyumba hata nyumba kuomba bega. Alikuta wazee. Alikuta wanawake. Mume wa Mama Mdogo alikuwepo, na wanaume wengine wawili, mmoja wao ana henia.

"Na miti ya kitanda?" aliuliza Mama.

Bibi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Ile miti miwili mirefu, iliyolainishwa na mabega ya baba na babu zao, ilikuwa imekatwa. Mtu aliyefungua mgahawa kando ya barabara alikuwa ameifanya benchi la wateja. Hakuiba, aliomba, na kijiji kikakubali. Wote waliona haina kazi tena. Lori si lipo?

"Kwa hiyo nimefuata mabega yangu huku yaliko," alisema Bibi.

Mama hakunawa unga. Alishika njia ya sokoni na mimi nyuma yake. Tulimkuta Mjomba chini ya gunia la viazi, kichwa hakionekani, Mama akalisemesha gunia. Sikusikia maneno yote. Nililiona gunia likishuka polepole, likawekwa chini bila kutupwa, na Mjomba akatokea uso umebadilika rangi. Akapiga mluzi wa namna ambayo sijawahi kuusikia mjini. Ulikuwa mluzi wa kijijini, wa kitanda kinatoka. Kutoka kila upande wa soko nikaona watu wanatua mizigo. Mwenye duka mmoja akapiga kelele kwamba chumvi yake imeachwa kwenye maji. "Ingoje!" akajibiwa.

Bwana Duka alipowaona wamejaa mlangoni, kila wawili na boriti ya mkoko begani, alielewa.

"Lori haliendi," alisema. "Nalipenda lori lile. Litazama."

Nilijificha nyuma ya Mama. Kwa nini atumie neno lilelile?

"Likizama tutalitoa," alisema Mjomba.

"Na msipolitoa?"

"Utatupigia simu."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amefika, bado na matope yake, akasimama mbele ya vitambaa bila kugusa kitu. Mke wa Bwana Duka, ambaye sote tulimwita Ben, yaani dada kwa lugha yao, kwa heshima, akatokea nyuma ya pazia. Alimtazama Bibi kuanzia miguuni. Kisha alimwambia mumewe maneno machache kwa Kigujarati, nasi sote tukayaelewa. Bwana Duka akachukua ufunguo. Alipoona mkono wa dereva umenyooshwa kuupokea, akaurudisha ufunguo mfukoni, akavua kofia, akaingia yeye mwenyewe kuendesha. Bibi akapandishwa mbele, wanaume nyuma na boriti zao, na wakaondoka wakati mvua inaanza upya.

Sina mengi ya kusema juu ya kungoja. Mama alipika vitumbua akaviunguza. Baba alirudi, akaambiwa, na kwa mara ya kwanza akaipata habari ikiwa moto. Akala vitumbua vilivyoungua bila kuuliza. Mimi nilirudi chuoni saa ambayo si ya chuo, nikakaa kwenye jamvi peke yangu, nikaeleza kwa mapana kwamba nilimaanisha katapila. Nilifafanua kwamba lori si katapila. Nilieleza tofauti zake zote nilizozijua, magurudumu, rangi, honi. Siku hizi nikiandika ripoti watu husifu namna ninavyofafanua istilahi.

Kesho yake ikapita. Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, Ben alikuja mwenyewe mpaka barazani kwetu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya sikukuu, akasema simu. Tulikimbia na mtaa mzima. Mama alikishika kile chombo kwa mikono miwili, na hapakuwa na haja ya kukisogeza sikioni. Bibi hakuwahi kutumia simu, na aliamini sauti lazima ifike Kariakoo kwa nguvu zake mwenyewe. Duka zima lilisikia.

"Hamjambo hapo!"

"Hatujambo, Mama! Shikamoo! Mama, vipi..."

"Marahaba! Baba yao hajambo? Mke mwenzangu hajambo? Ben hajambo?"

"Wote hawajambo, Mama! Habari za huko?"

"Njema!" alipiga kelele Bibi.

Mtu mmoja nyuma yangu alisema alhamdulillahi, na wanawake wanne wakamwambia anyamaze. Njema ya Bibi haikuwa habari. Mama alifumba macho. "Tueleze, Mama," alisema, na duka likatulia kabisa, maana kila mtu alijua tunaanzia kizingitini.

Alituanzia mlangoni mwa duka lile lile tulilosimama. Alipanda, alikaa, kiti kilikuwa na shimo. Pugu walipita vizuri. Walipokaribia bonde, lori liliteleza likaingia topeni kwa ubavu.

"Limezama!" alisema Bibi. "Mpaka mlangoni!"

Ben akashika mdomo. Mimi nilishika ukuta.

Bwana Duka, alisema, yupo salama, ana matope mpaka kwenye masharubu, amekaa palepale na lori lake na anakataa kuliacha. Wanaume walishuka, wakavuka daraja kwa miguu. Kingo zimeliwa, gari halipiti, lakini mtu na boriti anapita. Walifika kijijini. Hakuna aliyekaa wala kunywa maji. Walifunga kitanda kwa boriti za mjini, na Mjomba akashika bega lake lilelile la mbele kulia.

"Mtoto wangu alikuwa hanijibu," alisema Bibi, na kwa mara ya kwanza sauti ilishuka, tukalazimika kusogea. "Tukatoka naye barabarani. Tope lipo, lakini hakuna mti, hakuna mwiba, hakuna kupanda na kushuka. Wakakimbia. Mnasikia? Wakakimbia na kitanda. Daraja tukavuka. Lori tukalipita hapo limezama, Bwana Duka akaja akatoa bega mpaka misheni."

"Bwana Duka?" alisema Ben.

"Bega la nyuma! Mfupi, kitanda kikaenda upande!"

Mama alikuwa anashindwa kuvumilia. Niliona mdomo wake unafunguka, na kila mtu dukani akamkazia macho: usimkatize. Akaufunga. Bibi akaendelea, hatua kwa hatua, geti la misheni, sista aliyetoka na taa ya mkononi, mlango mweupe, benchi la kungojea, Mjomba akimtajia sista, kwa ajili ya simu ya misheni, namba ya Bwana Duka aliyoikariri kwa kuliosha lori, na ndipo, mahali pake, wala si kabla, alfajiri, mtoto akalia. Wa kike. Mdogo kama kuku, lakini analia. Mama yake amefungua macho, amekunywa uji, kichwa bado kinamuuma kidogo, anauliza nani kamwachia kuku wake nje.

Sitaeleza kelele zilizofuata. Nilijikuta nimepenyezwa mpaka mbele, na Mama, ambaye hakuweza tena kusema, akanipa simu. Nami, katika saa ile ambayo mtoto mwenye adabu angemwulizia binamu yake, niliuliza nililokuwa nikiliuliza tangu lori la kwanza.

"Bibi, njiani umeona nini?"

Kulikuwa na mkwaruzo kwenye waya, nikadhani amekatika.

"Nimemwona uso," alisema, polepole sasa, kama yuko kwenye mkeka. "Barabara ile ni pana, mke mwenzangu. Kitanda kinapita, na mtu anapita ubavuni. Sikukaa nyuma. Nilimshika mkono toka nyumbani mpaka mlangoni kwa sista, nikamwambia yote tuliyokuwa tunayapita."